Redio ya Bi Kulthum Inalala Wapi?

Ukimpelekea Hadi, mume wangu, redio iliyokufa, hatakuuliza ina nini. Atakuuliza inalala wapi. Watu wa Amu, au Lamu kama mnavyoiita, wamemcheka kwa swali hilo mpaka wamechoka. Mtu anakuja na mzigo wake begani, jasho linamtiririka, anataka kujua kama kesho atasikia taarifa ya habari, na fundi anamuuliza redio inalala wapi, imejifunika nini, jirani yake nani. Lakini swali hilo lina asili yake, na asili yake ni mimi, Alawiya. Asiyeamini asiamini, ila na asikilize kwanza.

Hadi ni mtu wa maneno machache na pua ndefu, na vyote viwili ni vya kazi. Redio akiifungua, kwanza huinusa. "Waya ukiungua una harufu yake," huniambia, "na valvu ikichoka ina harufu yake." Mimi humjibu kwamba samaki naye akiungua ana harufu yake, na hiyo mbona haisikii hata siku moja? Anacheka, anarudi kwenye redio yake. Kazi aliisomea Mombasa kwa fundi wa redio za meli, akarudi Amu na mkoba wa bisibisi, mita ya kupimia stimu ya umeme, na injini ndogo ya kujazia betri iliyopiga kelele kutwa, mpaka majirani wakamwita Hadi Stimu. Duka lake lilikuwa chini ya nyumba yetu. Nyuma ya duka palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia nilikaa mimi nikishona kofia, na masikio hayafungwi pazia. Nilijifunza majina ya vitu vyote vya ndani ya redio bila ya kutia kidole hata kimoja.

Sasa nije kwa Bi Kulthum.

Bi Kulthum alikuwa mama wa heshima zake, nyumba yake kule mtaa wa Mkomani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Ridhwani, na Ridhwani alichukuliwa na kazi za meli ndevu ndiyo kwanza zinachomoza. Miaka ikapita bila ya kurudi. Huku nyuma mama akaingiwa na ukungu machoni, kidogo kidogo, mpaka hakuona tena hata mkono wake mwenyewe. Akiletewa picha ya mwanawe, anaishika tu. Akisomewa barua, anamwambia msomaji, "Hiyo ni sauti yako wewe, si yake." Alilolitaka duniani ni moja, kumsikia Ridhwani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Ridhwani alikuwa ameshamtumia redio kutoka Aden, redio kubwa ya valvu nane, zile taa za kioo za ndani, ya kukamata Cairo na Bombay mchana kweupe. Haikuwa redio ya mchezo. Mjini stimu haikuwepo, kwa hiyo ilikula betri ya gari, na ndani yake mlikuwa na kisanduku cha chuma ambacho Hadi alikiita tumbo. Betri inatoa stimu dhaifu. Tumbo linaipokea, linaipandisha nguvu, kisha linazigawia valvu. Tumbo likiugua, redio nzima imeugua, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Basi mwaka ule wa hamsini na sita, mwezi wa Rajabu, joto la kaskazi bado halijaondoka, Mselem alirudi kutoka Mombasa akipiga mbio. Mselem ni mtoto wa ndugu yake Bi Kulthum, wanakaa nyumba moja. Alikuwa amekutana na Ridhwani bandarini uso kwa uso! Meli yake imetia nanga Mombasa, Jumamosi inaondoka kwenda Bara Hindi, na nahodha hatoi ruhusa ya kuja Amu. Lakini Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, redio ya Mombasa itawasomesha Kurani vijana wa pwani kwa ajili ya Miraji, hapo hapo, sauti ikitoka kinywani inakwenda hewani. Ridhwani yumo. "Mwambie mama afungue redio tangu mwanzo," alimwambia Mselem, "sijui nitasoma wa ngapi."

Wallahi mji mzima ulisikia vigelegele vya Bi Kulthum. Mama mtu mzima yule, mgongo umeinama, alipiga vigelegele mpaka akakohoa.

Na tangu siku ile ile, redio ikaanza kufa.

Mselem aliileta dukani kwetu asubuhi, amembebesha punda. "Inaimba vizuri, halafu sauti inafifia, halafu kimya," alisema. "Ukiiacha ikalala, inafufuka. Ukiifungua, inakufa tena." Hadi akaiweka mezani, akaifungulia. Redio ikaimba. Ikaimba mpaka adhuhuri, ikaimba mpaka watoto wa chuo cha Kurani wakajaa mlangoni, haikukwama hata kidogo. Akapima betri, nzima. Akapima tumbo kwa mita, zima. Akabadilisha valvu moja asiyoiamini, akasugua vichwa vya betri vilivyoota kutu ya kijani, akairudisha. Jioni yake Mselem huyo amerudi. Ilikufa kabla kahawa haijazunguka.

Akajaza betri upya. Ikaimba dukani. Ikafa nyumbani. Akaazimisha betri nyingine kabisa, ya injini yake mwenyewe. Ikaimba dukani. Ikafa nyumbani!

"Bwana Hadi," Mselem akasema mara ya tatu, na sauti yake sikuipenda, "redio hii ina adabu kwako tu?"

"Kuna mlichobadilisha nyumbani?" Hadi akamuuliza.

"Hakuna. Nyumba ni ile ile, redio ni ile ile."

Basi mji nao ukapata la kusema. Kuna waliosema ni husuda, redio imepigwa jicho. Kuna waliosema nyumba ina jini asiyependa kelele. Na kuna wengine, hao ndio walionichoma, waliosema Hadi Stimu anaichezea makusudi ili wampelekee betri kila siku. Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kuvaa buibui nitoke nikawajibu mmoja mmoja kwa jina lake na la bibi yake. Hadi akanishika mkono. "Waache," akasema. "Kitakachowajibu ni redio." Lakini nilimjua mume wangu. Alikuwa hali kitu. Aliketi mbele ya chakula akitazama ukuta, na Ijumaa inakuja.

"Laiti ningeiona inapokufa," akasema. "Hapa naona mgonjwa mzima. Ugonjwa uko kule."

Na kule haendi. Redio ya Bi Kulthum inakaa ndani, chumba cha mwisho kabisa cha nyumba, chumba cha wanawake, na mwanamume asiye wa nyumba ile mwisho wake ni daka, pale penye viti vya mawe mlangoni. Hata Mselem mwenyewe huingia kwa hodi, anachukua redio aliyokwisha tayarishiwa, anatoka.

"Mimi nina miguu," nikamwambia. "Na mimi naruhusiwa."

Alinitazama kama kwamba ndiyo kwanza ananiona. Kisha akaanza kunipa maagizo mbio mbio, yeye Hadi wa maneno machache. Nisiguse kitu cha ndani ya redio, stimu ya tumbo inaua. Nitazame juu yake, chini yake, nyuma yake. Ninuse. Nikae mpaka ife, nisiondoke hata nikipewa halua. Na ikifa tu, niweke kiganja mgongoni mwake, kwa nje.

"Na halua nikipewa?" nikauliza.

"Kula, lakini usiondoke!"

Jumatano nikaenda. Aliyenifungulia ni Twahira, mke wa Mselem, mwanamke mchangamfu kama nini, akanivuta mpaka ndani. Bi Kulthum alikuwa ameketi kitandani. Nikambusu mkono, nikamwambia mimi ni nani na nimekuja kwa lipi.

"Ndoo mwanangu, ndoo ukae," akasema kwa Kiamu chake safi, kile cha kusema ndoo kwa njoo, mato kwa macho, mwate kwa mwache. "Mato yangu yamekwisha, lakini masikio yangu mazima. Mwambie mumeo masikio yangu yanangoja Ijumaa."

Nikageuka kuitafuta redio. Sikuiona. Chumba kimesafishwa kinang'aa, ukuta wa zidaka uko mbele yangu, vile vishimo vya chokaa vilivyochongwa safu kwa safu, kila kimoja na sahani yake ya kichina. Katikati kuna kidaka kikubwa kupita vyote, na ndani ya kidaka hicho pana kitu kimefunikwa gubigubi kwa kitambaa cheupe kilichotarizwa kwa uzi wa hariri, mshono mdogo mdogo wa kofia, kazi ya macho na miezi.

"Ndiyo hiyo?" nikauliza.

"Ndiyo," Twahira akasema kwa fahari. "Zamani ilikuwa mezani pale kwenye ukumbi wa nje. Habari ya Ridhwani ilipokuja, Bi Kulthum akasema mwanangu hatasoma Kurani juu ya meza ya kukatia mboga. Tukaondoa sahani za marehemu babu, tukampa kidaka chake."

"Na kitambaa?"

"Nilikishona mimi, mato yangu yangaliko," Bi Kulthum akajibu mwenyewe. "Nilikiweka cha harusi ya Ridhwani. Basi na kivaliwe. Simwati mwanangu uchi mbele ya watu."

Loo! Nikauma mdomo. Mselem kasema hakuna kilichobadilika! Wanaume bwana, unaweza kuhamisha nyumba nzima wasione, mradi chakula kimekuja. Na bila shaka kila alipoitwa kuichukua redio, wanawake walikuwa wamekwisha kukivua kitambaa, wamekikunja, wamekihifadhi, redio wameileta mlangoni.

"Haya ifungueni," nikasema.

Twahira akaingiza mkono chini ya kitambaa, akaifungua. Nyimbo za Mombasa zikajaa chumba. Kisha akatoka, akarudi na chetezo, makaa yanawaka, udi unafuka, na kwa mato yangu haya mawili, samahani, macho yangu, nikamwona anakiweka chetezo ndani ya kidaka, chini ya redio, penye upenyo kati ya miguu yake mifupi!

"Hiyo ya nini?" sauti yangu ilipanda.

"Kurani itasomwa kwa udi," Twahira akasema. "Tunaizoesha."

Nikakaa. Kahawa ikaja, halua ikaja, nikala, sikuondoka. Jicho langu kwenye kidaka. Nikaanza kusikia harufu ambayo si ya udi. Nikanusa kama anavyonusa Hadi, bila haya, pua mbele. Nta! Nyumba nzima hakuna mshumaa, na nanusa nta. Sauti ya mwimbaji ikaanza kulegea, ikawa inatoka mbali, ikawa mnong'ono, ikazima. Nikaruka. Nikavua kitambaa, nikaweka kiganja mgongoni mwa redio kwa nje, nikaurudisha mkono haraka. Moto! Na kwenye chokaa nyeupe nyuma yake kulikuwa na matone ya nta yaliyoganda, safu kwa safu, kila tone kwa kifo chake.

"Yailahi!" nikapiga ukelele. "Bi Kulthum, mnaioka!"

"Twaioka nini?"

"Redio! Ukuta huku, ukuta huku, ukuta nyuma, nguo juu, makaa chini! Hata mkate wa mofa haupati joto hili!"

Sikungoja kuaga vizuri, Mungu anisamehe. Nilipita Ndia Kuu mbio, buibui linapepea, nikawapita watu bila salamu, na najua yaliyosemwa. Nikaingia dukani kwa mlango wa nyuma, nikamweleza Hadi yote kwa pumzi moja: kidaka, kitambaa, chetezo, nta. Mume wangu akapiga paja lake kofi ambalo naamini lilisikika mpaka kijiji cha Shela.

"Kikulacho ki nguoni mwako!" akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako, Alawiya!" Akanikamata mabega, akanizungusha dukani, na injini inanguruma, na mteja yuko mlangoni amepigwa na butwaa.

Alhamisi asubuhi Mselem alileta redio tena. Hadi hakuifungua ndani. Aliiwasha, akaunganisha mita kwenye tumbo, kisha akaniomba blanketi. Akaifunika gubigubi. Tukakaa kuitazama sindano ya mita, mimi nyuma ya pazia nimelishika kwa kidole kimoja, Mselem ameegemea mlango amekunja uso. Sindano ikasimama imara. Redio ikaimba. Tukangoja. Mselem akaanza kupiga miayo. Halafu sindano ikatetemeka, ikashuka kidogo, ikashuka tena, na mwimbaji akalegea kama yule wa nyumbani, akanong'ona, akazima.

"Imekufa!" nikapiga kelele, na kwa furaha yangu ungedhani imefufuka. "Imekufa dukani! Alhamdulillahi!"

Mselem hakuelewa mtu anafurahia nini. Hadi akamweleza. Mle tumboni mna kijiti kimoja cha karatasi kilichozamishwa ndani ya nta, kondensa. Kazi yake kuituliza stimu. Kimezeeka. Kikiwa baridi kinafanya kazi, mita inasema kizima, fundi anasema kizima. Kikipata joto, nta inayeyuka, stimu inavuja, valvu zinakosa chakula. "Nilikuwa nampima mgonjwa akiwa amepumzika," Hadi akasema. "Nilitakiwa nimpime akiwa kwenye jua kali, na mzigo kichwani."

"Basi kibadilishe," Mselem akasema.

"Sina. Amu nzima hakuna. Kiko Mombasa."

Kesho Ijumaa. Hata kama chombo kingeondoka saa ile, kisingekwenda Mombasa na kurudi. Kukitoa na kuiacha redio hivyo hivyo, Hadi alisema, ni kulichoma tumbo zima. Dawa ilikuwa moja tu, redio ile isipate joto, tangu msomaji wa kwanza mpaka wa mwisho, alasiri, katika kaskazi.

Kazi ya kumwambia Bi Kulthum nikapewa mimi. Nani mwingine? Nikarudi nayo redio, nikaomba iwekwe pale pale kidakani, ivalishwe kitambaa chake, ifunguliwe. Chetezo tu nilikikataa. Halafu nikaanza kumwomba. Nikasema itolewe, iwekwe kiwandani, pale uani penye upepo, bila nguo.

"Hasha," akasema. "Uani? Penye kuku? Mwanangu miaka yote yuko nti za watu, akiya kwangu nimuweke uani?"

"Bi, itakufa."

"Itakufa kwa kuheshimiwa?"

Nikauchukua mkono wake. Nikauongoza taratibu, nikauingiza chini ya kitambaa chake cha hariri, nikauweka mgongoni mwa redio, na wakati huo redio ilikuwa imekwisha pata moto. Vidole vyake vikashtuka. Havikuondoka. Aliupapasa ule ubao wa nyuma, juu, chini, kama anavyopapaswa mtoto kipaji cha uso.

"Ana homa," akasema.

"Ana homa, Bi."

"Na mimi namfunika." Machozi yakamtoka. "Subhanallah, namfunika nguo mtoto mwenye homa!" Akaanza kukivua kitambaa mwenyewe, haraka, akikivuta kwa mikono miwili, akimfokea Twahira kwa nini amesimama, kwa nini hakuna aliyemwambia, watu wenye macho nyumba hii wana kazi gani!

Ijumaa. Tuliweka redio kiwandani juu ya meza ndogo, kwenye kivuli cha ukuta, betri pembeni. Tukagawana mapepeo ya ukindu. Twahira kulia, mimi kushoto, majirani wengine wawili nyuma. Bi Kulthum ameketi kiti kilichogusana na meza. Hadi na Mselem wako dakani, ukuta mmoja tu kati yetu, na Hadi ametega sikio.

Msomaji wa kwanza akaanza. Tukapepea. Wa pili. Tukapepea. Mikono inauma, hakuna aliyesema. Wa tatu alikuwa na sauti tamu, mashallah, lakini mimi nilikuwa namwomba Mungu amalize upesi. Kivuli kikasogea. Hatukukiona, tulikuwa tunaisikiliza redio, na mara jua likaingia uani likatua juu ya meza. Sauti ya msomaji wa nne ikaanza kwenda mbali.

"Alawiya!" Hadi alipiga kelele dakani. "Imeshuka!"

"Nasikia, mimi si kiziwi!"

"Toa ubao wa nyuma! Usiguse ndani!"

Nikafungua ubao. Joto likanipiga usoni. Majirani wawili wakavua kanga zao za juu, wakazitandaza baina ya redio na jua, wakazishika kwa ncha kama tanga. Twahira akapepea kwa mikono miwili.

"Punguza sauti!" Hadi akapiga kelele tena.

"Nipunguze sauti? Sauti ndiyo tunayoitafuta!"

"Ikipiga kelele inakula zaidi! Punguza, mke wangu, nakuomba!"

Mbele za watu, nakuomba! Nikapunguza. Ikabaki sauti nyembamba, lakini ikasimama, haikushuka tena. Uwanja ukawa kimya, kuku wakafukuzwa, hatukuthubutu kukohoa. Bi Kulthum alishuka kitini, akapiga magoti kwenye sakafu ya chokaa, akaweka sikio lake mbele ya redio.

Mtangazaji akasema: Ridhwani, wa Amu. Surat al-Isra.

Sauti ikaanza. Nzito, ya mtu mzima, imekomaa kwa chumvi. Nilimtazama Bi Kulthum nikitaraji furaha, nikauona uso wake unakunjamana.

"Siye," akanong'ona. "Mwanangu sauti yake nyembamba. Huyu siye."

Tumehangaika kote huku, redio hai, mwana anasoma, na mama hamjui! Nilitaka kumwambia Bi, amekua, miaka imepita, lakini aliinua kidole kuninyamazisha. Sauti iliipanda aya ya kwanza, aya ndefu, Msikiti Mtakatifu mpaka Msikiti wa Mbali, ikazidi kupanda, na kabla ya kufika mwisho ikakatika. Msomaji akavuta pumzi, akarudi neno moja nyuma, akamaliza.

Bi Kulthum akaushika mkono wangu, akauminya mpaka ukaniuma.

"Pale pale!" akasema. "Pumzi humkatikia pale pale! Nilimsomesha mimi, nikampiga ukuti kwa ajili ya pale, hakuweza kuimaliza hata siku moja! Ni yeye! Ni Ridhwani!"

Mimi nalia. Twahira analia na pepeo haliachi. Hadi, kwa kuwa hasikii kitu kule dakani, alidhani tumeshindwa.

"Alawiya! Imekufa?"

"Haijafa!" nikapiga kelele. "Hadi, haijafa! Yuko hapa!"

Ridhwani akasoma mpaka akafika mwisho wake, na redio haikumwangusha. Akaja msomaji mwingine, akaja wa mwisho, nikaizima. Tulikuwa tumelowa jasho, tunacheka na kulia, Mselem anabisha hodi aruhusiwe kuingia. Tangu siku hiyo mimi nikawa jicho la Hadi la ndani ya nyumba za watu, na hata kondensa ilipokuja kutoka Mombasa akaitia, hakuacha tena kuuliza redio inalala wapi.

Lakini jioni ile, tulipokuwa tunakunja kanga na kutoa meza, Bi Kulthum alikuwa bado amepiga magoti. Ameliokota pepeo la Twahira na anapepea taratibu, mbele ya redio iliyokwisha kuzimwa.

"Bi," nikamwambia, "tumekwisha kuifunga."

"Nayua," akasema. "Mwateni apoe. Kesho ana safari."